Mtoto anacheua sana usiku? Hivi ndo umlaze

Kama una mtoto mchanga hapa Malindi ama Lamu na kila akinyonya anakurudishia maziwa begani, basi ushaambiwa kila kitu, mlaze kifudifudi, mlaze ubavu, mtilie mto, inua kitanda upande wa kichwa, mpe maji ya bizari, na wote wanaokwambia wanakupenda wewe na wanampenda mtoto, hilo sibishi. Lakini hapo kwenye kulala tuongee vizuri, manake mengi tunayofanya usiku ili mtoto asicheue ndo yanamtia kwenye hatari kubwa kuliko huko kucheua kwenyewe. Kazi ya kucheua unaimaliza mtoto akiwa macho, mikononi mwako. Akishafika kitandani ni chali, pahali pagumu na palipo sawa, hana kitu usoni wala kichwani, yaani basi.

Kwanza tuelewane kucheua ni nini. Pale umio, yaani njia ya chakula, unapoingia tumboni kuna msuli unaofungua na kufunga, na kwa mtoto mchanga huo msuli bado haujakaza, ni kama kifuniko cha chupa kilichovaliwa vibaya, tumbo likijaa ama likibanwa maziwa yanapanda. Na yeye chakula chake ni cha majimaji tu, na muda mwingi yuko amelala, we unatarajia nini. Karibu nusu ya watoto wa chini ya miezi 3 wanacheua angalau mara moja kwa siku, inakuwa mbaya zaidi kwenye mwezi wa 4 hivi, alafu akianza kukaa na kula inapungua yenyewe, na wengi kufikia mwaka ama mwaka na nusu washaacha. Mtoto anayecheua huku anacheka na kilo zinapanda kliniki huyo si mgonjwa, kazi yake ni kukuchafulia madera tu.

Sasa ile hofu. Kuna vifo vya watoto wachanga ambavyo mtoto analala mzima, hana homa hana kikohozi, alafu anakutwa ameshaenda na hata wakichunguza hawaoni sababu. Hivo vifo vya ghafla vya usingizini vinawapata watoto wa chini ya mwaka, vingi kabisa vinatokea kabla ya miezi 6, na kilele chake ni kati ya mwezi wa 2 na wa 4. Umeona? Ni miezi ile ile ambayo kucheua nako kuko juu. Ndo maana watu wanaviunganisha, mtoto kakutwa na maziwa mdomoni basi inasemwa kapaliwa, kumbe mwili ukilegea maziwa yanaweza kutoka yenyewe. Wengine watasema kakabwa na shetani, na wengine, hawa ndo wananiudhi, watamwambia mama mzazi umemlalia mwanao kabla hata hawajajua lolote. Wataalamu wanavyoeleza ni kwamba mambo matatu yanakutana, mtoto ambaye ubongo wake unachelewa kumwamsha hewa ikiwa mbaya, umri huo mdogo, na kitu cha nje kama uso kuzama kwenye mto, joto jingi, ama moshi wa sigara. Kucheua kwa kawaida hakuhesabiwi kwenye hiyo sababu. Mtoto wako alivyozaliwa huwezi kubadilisha, umri nao huwezi kuurusha, kilichobaki mikononi mwako ni hicho cha nje.

Najua swali lako, sasa nikimlaza chali si atapaliwa? Hili nalieleza kwa utaratibu manake ndo kila mtu anakwama hapa. Njia ya hewa iko mbele ya shingo, umio uko nyuma yake. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa inakuwa juu na umio chini, kwa hivo maziwa yakipanda yanabidi yapande tena mlima ndo yaingie kwenye hewa, na mara nyingi anayameza yarudi ama yanatoka pembeni ya mdomo. Ukimgeuza kifudifudi mambo yanapinduka, umio ndo unakuwa juu na tundu la hewa liko chini yake, yanayopanda yanakusanyika pale pale mlangoni. Na kile kikohozi kidogo unachokisikia usiku kinachokufanya uruke kitandani ni mtoto analinda koo lake mwenyewe, ndivyo linavyotakiwa lifanye.

Na si maneno ya kwenye karatasi tu. Uingereza walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani madaktari wa watoto wakatoa ushauri mwaka 1992 na kampeni yenyewe ikafuata 1994, na kule Marekani hivo vifo vya ghafla vilipungua kwa zaidi ya nusu kwenye miaka iliyofuata. Kila mtu aliogopa watoto watapaliwa kwa wingi, na hawakupaliwa kwa wingi. Ubavu nao usidanganyike nao, mtoto wa ubavu anajipindua kifudifudi kwa urahisi sana, hata ukimwekea leso zilizokunjwa mgongoni, tena hizo leso zenyewe zinakuwa hatari nyingine.

Haya, kazi inaanza kwenye kunyonyesha. Mnyonyeshe kabla hajaanza kulia kwa hasira, manake anayelia anameza hewa nyingi alafu hiyo hewa inarudi na maziwa. Hakikisha ameshika titi vizuri, mdomo umefunguka mpana, sio chuchu peke yake. Mpe kidogo kidogo mara nyingi badala ya kumjaza mpaka macho yanamtoka. Kama ni chupa, ishike vile kichwa cha chupa kijae maziwa asivute hewa, na chupa ikibaki na kidogo usimlazimishe amalize ati maziwa ya kopo ni ghali, najua ni ghali. Maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6 ukiweza, yanasaidia pande zote mbili, tumbo linamaliza kazi haraka na pia kunyonyesha kunapunguza hivo vifo vya ghafla. Nepi usiikaze tumboni. Badilisha nepi kabla ya kunyonyesha sio baada, ile kumnyanyua miguu juu akiwa ameshiba ndo unajitafutia.

Mbweu sasa. Tandika leso begani, mweke kidevu chake kiwe juu ya bega lako, mkono mmoja chini ya makalio, mwingine mgongoni, piga polepole ama msugue kuelekea juu. Katikati ya kunyonya mara moja, ukibadilisha titi, na mwisho. Kama mbweu haiji baada ya dakika chache usigombane naye. Alafu baki umemshika wima kama dakika 20 hadi 30, na hapo namaanisha mikononi mwako ama kifuani, sio kwenye kiti cha gari wala kile cha kubembea, manake pale anajikunja tumbo linabanwa na anacheua zaidi, na akilala kichwa kinaanguka mbele kinabana njia ya hewa. Mzee wa nyumba kama yupo mpe hii kazi, tena wanaume wanaiweza vizuri, bega lao ni pana. Asimrushe rushe tu juu ati anamchekesha, aliyeshiba harushwi. Na asiwe ametoka kuvuta sigara barazani, manake moshi hata ule ulioganda kwenye shati haumfai mtoto, na sigara ni katika vitu vikubwa kabisa vinavyoongeza hivo vifo, tangu mama akiwa mjamzito.

Usiku wa manane hii dakika 20 ni mateso, nakubali. Lakini angalia, mtoto aliyekunywa kidogo na kutoa mbweu akishalala begani unaweza kumlaza, hutakiwi kukesha ukimlinda kama askari wa benki. Kumshika wima kunapunguza kucheua, usalama wa usingizi unatoka kwenye kulala chali.

Tuje kitandani. Weka kiganja chako katikati ya godoro ukandamize alafu utoe. Godoro likibaki na shimo la kiganja, hilo ni laini mno kwa mtoto. Yale magodoro ya sufi ya kizamani ni matamu kwa mgongo wa mtu mzima lakini uso wa mtoto unazama. Kitanda cha kamba nacho kikishalegea kinafanya bonde, mtoto anateleza katikati na kidevu kinagusa kifua, hapo hewa inapita kwa shida. Afadhali kijigodoro chembamba kigumu juu ya mkeka, shuka imebanwa chini vizuri, kuliko kitanda cha kifahari chenye bonde. Mto hapana, hata ule mdogo wa kutengeneza kichwa kiwe duara, kichwa kitajitengeneza, wewe mgeuzie upande wa kutazama kila siku na akiwa macho mchana mlaze kifudifudi kidogo kidogo ukiwa umekaa naye hapo, anapata nguvu za shingo. Midoli hapana. Blanketi hapana. Leso iliyokunjwa chini ya godoro kuinua kichwa, hapana vilevile, na hii inawashangaza wengi. Imeshachunguzwa, kuinua kichwa hakupunguzi kucheua kwa watoto, na mtoto anateleza mpaka chini anakunjika. Marekani vile vitanda vya mtoto vya kuinamisha vilihusishwa na vifo vya watoto mpaka vikaanza kurudishwa kwa wingi mwaka 2019, na mwaka 2022 wakatunga sheria ya kuvipiga marufuku. Kwa hivo ukiona vya mtumba vinauzwa bei nafuu, achana navyo.

Neti ni lazima, sisi huku mbu hawana huruma na malaria si mchezo. Ila ibane chini ya godoro pande zote iwe imevutika, isiwe inaning'inia karibu na uso. Zile neti ndogo za mwavuli zinazouzwa madukani ni nzuri kwa mbu, lakini mara nyingi zinakuja na kijigodoro cha sponji laini na mto wake wa maua, hivo toa. Hirizi ama uzi wowote shingoni, uvue wakati wa kulala, sikwambii uache imani yako, nakwambia uzi unanasa. Kama lazima uwepo basi ubandike ukutani.

Joto. Kaskazi ikiingia Desemba mpaka Machi, chumba cha bati hapa Malindi ni tanuri, na bado utakuta mtoto amevaa kofia ya sufu, soksi, fulana na leso mbili juu ati asipigwe na upepo. Mguse shingo kwa nyuma ama kifuani, pakiwa na jasho amezidishiwa nguo. Mikono na miguu kuwa baridi baridi ni kawaida, usipime hapo. Nguo moja nyepesi na nepi inatosha, kofia anavua ndani ya nyumba, feni iwashe ila isimpige usoni moja kwa moja. Wakati wa kusi usiku ukipoa mvalishe nguo ya mikono mirefu badala ya kumfunika. Na kama unamviringa kwenye leso, iwe nyepesi, nyonga zipate nafasi, awe chali, na siku utakayoona anaanza kujaribu kujipindua ndo mwisho wa kumviringa. Akishaweza kujigeuza mwenyewe kwenda na kurudi, wewe mlaze chali kama kawaida, akijigeuza usingizini usikeshe kumrudisha.

Kulala kitanda kimoja nako tuseme ukweli, nyumba nyingi ni chumba kimoja na mama mzazi mpaka arubaini analala na mtoto wake ubavuni. Kilicho bora ni chumba kimoja, sehemu tofauti, mtoto awe na pahali pake karibu ambapo ukinyoosha mkono unamfikia, angalau miezi 6 ya mwanzo. Kama haiwezekani basi mito na mablanketi yakae mbali naye, asilale katikati yako na baba, asilale na watoto wengine, na kusiwe na pengo kati ya kitanda na ukuta. Na kuna hali ambazo usilale naye kitanda kimoja kabisa, kama mmoja wenu anavuta sigara, amekunywa pombe, ametumia dawa za kulevya ama za usingizi, ama mtoto alizaliwa kabla ya siku zake ama kwa uzito mdogo. Usinyonyeshe usiku kwenye kochi. Ukihisi utasinzia, bora usinzie kitandani palipo wazi kuliko kwenye kochi, kochi ndo baya kuliko yote.

Ubembezaji wa leso iliyofungwa kitandani ama kwenye boriti unatuliza kweli, lakini ni wa kumtuliza akiwa macho na wewe upo. Akishalala muhamishe.

Wakubwa sasa, manake wewe unaweza kujua yote haya alafu ukienda kuoga ukirudi mtoto yuko kifudifudi juu ya mto. Usibishane mbele ya wageni. Mama mkwe akikwambia, "Mwanangu, huyu atapaliwa ukimlaza hivi, mimi nimelea wote kifudifudi," usimwambie enzi zako zilikuwa za ujinga, utakosa msaada na radhi. Jibu la kufaa ni kama, "Ni kweli mama, na ndivyo hata madaktari walivyokuwa wakisema zamani, sasa wamegundua chali ndo salama zaidi. Nisaidie wewe kumtoa mbweu, mimi hanitolei vizuri kama wewe." Hakuna uwongo hapo, mpaka miaka ya 80 hospitali nyingi duniani zilikuwa zinashauri kifudifudi. Na bibi aliyepewa kazi ya mbweu hana haja ya kazi ya mto. Akija kliniki na wewe ndo bora zaidi, mwache muuguzi amweleze.

Dawa. Maji ya bizari, asali, uji mwepesi kwenye chupa, yote haya kabla ya miezi 6 acha, na asali acha mpaka mwaka utimie manake inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mpaka kupumua. Usiende kemisti kusema mtoto anacheua upewe omeprazoli, hizo dawa zinapunguza ukali wa asidi tu, maziwa yatapanda vilevile, na asidi ikizimwa mtoto anapata maambukizi kirahisi zaidi. Kuna watoto wanaozihitaji kweli, wale asidi inawachoma umio, wanakataa titi, wanajipinda mgongo wakilia, uzito hauendi, lakini hao daktari ndo anaamua. Wengine shida ni protini ya maziwa ya ng'ombe, unaona kamasi ama damu kwenye choo na vipele, hapo mwambie daktari kabla hujaanza kujinyima chai ya maziwa bure. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 usizikose, watoto waliochanjwa hawapati hivo vifo zaidi, wanapata kidogo. Dami ya kunyonya, ile chuchu bandia, pia inapunguza hivo vifo, ukitaka mpe wakati wa kulala baada ya kunyonyesha kukaa sawa, ichemshe, na usiifunge kwa uzi.

Akipaliwa kweli, yaani hawezi kulia, hawezi kukohoa, rangi inabadilika, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kiuno, umeshika taya, mpige kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega mara 5. Mgeuze, kandamiza katikati ya kifua chini kidogo ya chuchu mara 5. Rudia, huku mtu anatafuta gari. Usimning'inize miguu, usitie kidole kooni kwa kubahatisha. Akilegea kabisa asipumue, anza kumkandamiza kifua na kumpulizia, pumzi ndogo ndogo, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake, mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Muulize muuguzi akuonyeshe kwa mikono siku ya kliniki, kusoma tu hakutoshi.

Na kuna dalili ambazo si za kusubiri asubuhi. Matapishi ya kijani. Damu ama kitu kama machicha ya kahawa. Matapishi yanayoruka mbali kila akinyonya, hasa wiki ya 2 mpaka ya 8. Kusimamisha pumzi ama kugeuka buluu. Homa ya 38 na zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 3. Nepi kavu, manake mtoto aliyepita wiki ya kwanza anakojoa kama mara 6 ama zaidi kwa siku. Tumbo limevimba gumu. Utosi umevimba. Na kucheua kunakoanza baada ya miezi 6 ambako hakukuwepo kwanza, hata kama si dharura, kapimwe.

Malindi ni tuktuk mpaka hospitali ya kaunti ndogo, usiku weka namba ya dereva mmoja unayemwamini tayari. Lamu mjini ni hospitali ya King Fahd. Lakini mlioko Pate, Faza, Kizingitini, hesabu yenu ni ya maji, boti zinapita mkondo wa Mkanda na yakipwa sana hapapitiki vizuri, kwa hivo ukiona kijani ama mtoto analegea usingoje uone kama atatulia, nenda kituo cha afya kilicho karibu waanze kumhudumia na wao ndo wapange safari ya kuvuka. Beba kile kitabu cha kliniki, wataanza kuangalia kilo zake kabla hata hujakaa.